Risala ya Klabu ya Mazingira kwa Mgeni Rasmi: Samaki wa Miambani

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwalimu Mkuu, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Tunakushukuru kwa kufika. Mwaka huu hatukusomei idadi ya miti tuliyopanda. Tunaomba kukueleza habari za furu, samaki wadogo waishio kati ya mawe ya ziwa letu, Victoria, ambao hubadilika kutoka jabali hadi jabali na kutoka kizazi hadi kizazi.

Katika miamba ya Bahari ya Hindi, maji yanapokupwa huacha vidimbwi, na samaki wa kidimbwi cha juu, kinachochomwa na jua, si wale wa kidimbwi kinachopigwa na mawimbi. Ziwa Victoria halina kupwa na kujaa kwa namna hiyo; hapa kinachowatenga samaki ni kina, mwanga na umbali wa mawe. Kisiwani Makobe, furu mwenye mgongo mwekundu, ambaye jina lake la kitaalamu linamuenzi Mwalimu Nyerere, hukaa chini kuliko ndugu yake wa buluu, kwa kuwa mwanga unaofika huko ni wa wekundu zaidi. Kwenye kisiwa cha Luanso, ndani ya Ghuba ya Mwanza, maji yana tope, jike hatambui vyema rangi ya dume, na jamii hizo zimechanganyika.

Wakati nao una sehemu yake. Sangara, samaki mkubwa alaye samaki wenzake, aliyeletwa ziwani miaka ya 1950, alipoongezeka sana miaka ya 1980, furu wengi wa maji ya wazi walitoweka, bali wa miambani walinusurika zaidi kwa kujificha kwenye mianya. Aidha, kati ya 1961 na 1964 ziwa lilipanda kwa zaidi ya mita 1, na mawe yaliyokuwa makavu yakawa makazi.

Sisi huchungulia kwa ndoo iliyotiwa kioo chini, tukiwa juu ya mawe, maana kichocho si cha kuchezea. Tumemwona dume akitandaza pezi lenye madoa ya njano, na jike mdomo umemvimba kwa mayai.

Hata hivyo, jabali moja la ufukweni haliwezi kusemea ghuba nzima. Tunaomba utusaidie kupata mtumbwi wenye nahodha na maboya, ili tuhesabu samaki wa mawe yale yale, kiangazi na masika, na kupima uangavu wa maji kila tuendapo. Sahani ya kupimia tutaipaka rangi nyeusi na nyeupe wenyewe.

Tunaomba kuwasilisha.