Rhapta haithibitishwi kwa mawe yaliyopangika

Mhariri,

Kila mawe yakionekana yamejipanga chini ya maji karibu na Mafia, tunasikia Rhapta, mji wa kale wa biashara wa pwani ya Afrika Mashariki ambao mahali pake hapajulikani kwa hakika, imepatikana. Tusikimbilie. Mwamba wa ufukweni hupasuka wenyewe kwa mistari iliyonyooka, ukafanana na matofali. Mwongozo wa mabaharia wa Kigiriki wa karne ya 1 ukiieleza Rhapta unataja mashua zilizoshonwa kwa kamba (ndiko jina la mji lilikotoka), pembe za ndovu na magamba ya kasa; kuta za mawe hauzitaji. Anayeona kigae (kipande cha chungu cha kale) akiache kilipo, akipige picha pamoja na rula, aandike kina chake. Kupima umri kwa kaboni, mkaa wa vijiti ni bora kuliko kombe la baharini (gamba la chaza na jamii yake): kombe hubeba kaboni kongwe ya bahari, likaonekana na umri wa takriban miaka 400 zaidi.

Wafuatiliaji wa akiolojia ya pwani