Kabla ya Augustino walikuwapo watu wa Scilli

Mhariri,

Makala yenu juu ya Ukristo wa kale barani Afrika nimeisoma yote, tena kwa furaha. Ila mmetoka kwa Marko wa Alexandria mkaenda moja kwa moja kwa Augustino, yule askofu wa Hippo, Afrika Kaskazini, kana kwamba katikati hapakuwa na mtu.

Walikuwapo. Tarehe 17 Julai 180, miaka 174 kabla Augustino hajazaliwa, Wakristo 12 wa Scilli, mji wa Afrika Kaskazini, walisimamishwa mbele ya liwali wa Kirumi, Saturninus, mjini Karthago, Tunisia ya leo. Kumbukumbu za kesi yao zipo hadi leo, fupi mno, na ni kati ya maandishi ya Kikristo ya zamani zaidi kwa Kilatini. Humo hamna muujiza wala simba. Ni maswali na majibu tu.

Liwali anawataka waape kwa roho mlinzi ya Kaisari, mambo yaishe. Mmoja wao, Speratus, anakataa, anasema hajaiba cha mtu, na akinunua kitu ushuru analipa. Jibu hilo hunichekesha na kunitia uchungu kwa pamoja: mtu anakaribia kuuawa, naye anahakikisha serikali haimdai! Mwenzake Donata anasema Kaisari apewe heshima yake, lakini wa kuogopwa ni Mungu. Saturninus anauliza wana nini kwenye kisanduku chao. Vitabu, anajibiwa, na nyaraka za Paulo, mtu mwenye haki. Anawapa siku 30 wakafikiri. Hawazitaki. Wakakatwa vichwa.

Hakuna hata mmoja anayetajwa kuwa askofu au padre, na nadhani ndiyo sababu tumewasahau. Historia ya Kanisa tunaisimulia kwa wenye vyeo na walioandika vitabu. Hawa walikuwa waumini tu, na watano kati yao ni wanawake. Vijana wetu wa kipaimara hawajapata kuwasikia, ilhali wengine bado wanaamini kwamba imani hii ililetwa Afrika kwa meli za wamisionari.

Naomba toleo lenu la Julai liwataje wote: Speratus, Nartzalus, Cittinus, Veturius, Felix, Aquilinus, Laetantius, Januaria, Generosa, Vestia, Donata na Secunda. Nafasi ikiwa finyu, punguzeni picha za kwaya.

Msomaji wenu,
Morogoro