Tembo la methali si ndovu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo linaloniumiza kuhusu namna watoto wetu wanavyofundishwa tamathali za semi na msamiati.

Mjukuu wangu wa kidato cha pili, anayesoma Arusha, alikuja likizo na daftari lake la Kiswahili. Humo ameandika, kwa mwandiko safi kabisa, maana ya tashbihi, sitiari, tashihisi, mubalagha na tafsida, na yote ameyahifadhi bila kukosea neno. Nikamwuliza maana ya methali isemayo "Mgema akisifiwa tembo hulitia maji." Akanijibu kwamba mgema ni mwindaji, naye akisifiwa humwagia ndovu maji.

Sikumlaumu, kwa kuwa hajapata kumwona mtu akikwea mnazi na kushuka na kibuyu, wala hakuna aliyemwambia kwamba tembo ni pombe pia. Hata hivyo, jibu lilikuwa mbele ya macho yake: methali inasema "hulitia", haisemi "humtia", ilhali mnyama angechukua upatanisho wa viumbe wenye uhai. Nilipomwonyesha silabi hiyo moja alinyamaza kidogo, kisha akaanza kufumbua mwenyewe: kumbe mgema akishaambiwa kuwa tembo lake ni tamu, huliongeza maji ili lijaze vibuyu vingi zaidi! Kutoka hapo alimfikia, bila msaada wangu, kila mtu aharibuye kazi yake kwa kulewa sifa.

Tatizo, kwa maoni yangu, linaanzia kwenye maswali ya "taja tamathali nne na utoe mifano", kwa sababu mwalimu mwenye darasa lililofurika hufundisha kile kitakachoulizwa. Nilipokuwa nikishika chaki, mfano wa sitiari ulikuwa "Juma ni simba", na katika daftari la mjukuu wangu nimemkuta simba yuleyule. Mwanafunzi anajua kuwa hiyo ni sitiari, lakini hajaulizwa kwa nini Juma awe simba na si nyati au chui, wala sentensi ingepoteza nini kama ingesema tu kwamba Juma ni shujaa.

Msamiati nao unateseka vivyo hivyo. Wanafunzi wanaimba "Haba na haba hujaza kibaba" pasipo kujua kwamba kibaba ni kipimo cha nafaka, na kwamba vinne hufanya pishi moja.

Nawasihi watunzi wa mitihani wawape watoto kifungu kizima, wachague taswira moja, kisha waulize inafanya kazi gani mahali pale. Nawaomba walimu wenzangu, kabla ya kuandika jina la tamathali ubaoni, wawaache wanafunzi wabishane kwanza juu ya picha yenyewe, hata kama kipindi kizima kitaishia kwenye methali moja.

Mwalimu mstaafu,
Tanga