Wanazama lini? (Barua kutoka Suva)

Suva, Fiji

Shoga yangu,

Assalaam alaykum. Najua umeshanihesabu katika waliosahau kwao, na haki unayo. Ule ujumbe wako wa sauti niliusikiliza Funafuti, mji mkuu wa Tuvalu, ile nchi ya visiwa vidogo huku Pasifiki, nimekalia pikipiki ya watu, mtandao ukikatika kila ukitaka kutaja jina, hata leo sijui nani kaolewa na nani kafariki. Nirudie kwa maandishi, tafadhali. Mimi nimerudi Suva juzi, mvua imetufungia ndani tangu alfajiri, ndiyo maana leo unapata barua nzima.

Swali lako nililisikia vizuri lakini: "Hao watu wa Tuvalu wanazama lini?" Nilicheka, kisha nikaona haya, maana na mimi ndilo nililopanda nalo ndege. Tumelishwa na yule waziri wao, Simon Kofe, aliyehutubia mkutano wa tabianchi mwaka 2021 kwa video, amesimama baharini kwa koti na tai, suruali kaikunja. Picha ile ilifanya kazi yake, simlaumu. Ila mtu akikaa nao siku kumi anaona kuwa jioni, wakishatandika mikeka, maji si mazungumzo. Mazungumzo ni nani anaondoka, na akiondoka nani atakaa mahali pake.

Nilikwenda na mwenye nyumba wangu, yule mama wa Kioa. Kioa ni kisiwa cha huku huku Fiji, lakini wenyewe asili yao Vaitupu, kimoja katika visiwa vya Tuvalu. Wazee wao walichuma fedha kwa Wamarekani wakati wa Vita vya Pili, wakachanga, wakanunua kisiwa kizima cha watu, na mwaka 1947 familia za kwanza zikahamia. Basi mama huyu kazaliwa Fiji, kasoma Fiji, lakini ukimuuliza kwao anakwambia Vaitupu, tena kwa sauti ya mtu aliyetoka huko jana. Kaka wa baba yake, mzee wa miaka themanini na ushei, anaishi Funafuti. Ndiko tulikofikia.

Kwa ndege ni mwendo wa muda wa saa mbili na nusu hivi. Ukichungulia dirishani huoni nchi, unaona pete ya mchanga na minazi imeelea, katikati maji ya kijani yametulia. Ardhi ya nchi nzima ni kilomita za mraba 26. Pemba yetu, ile tunayoilalamikia kuwa ndogo, ingewameza mara thelathini na zaidi. Watu wao kama 11,000, na zaidi ya nusu wamesongamana hapo Funafuti. Kuna mahali barabarani nimesimama, kushoto bahari kuu inapiga miamba, kulia maji ya ndani hayana hata kiwimbi, na mimi katikati naweza kurusha koroma upande wowote likaanguka majini.

Uwanja wa ndege umekula kipande kinono cha kisiwa. Ndege ikikaribia king'ora kinalia, watoto na mbwa wanatimuliwa. Ikishaondoka, njia ile ile ya ndege inakuwa kiwanja cha kila mtu. Saa kumi na moja jioni utakuta mpira wa miguu huku, wavu kule, kinamama wanatembea kupunguza unene, wavulana na pikipiki wanazunguka bila safari. Usiku wa joto watu wanachukua mikeka na mito wanalala pale pale. Mimi nililala usiku mmoja. Lami bado ina joto la jua, upepo unapita, nyota zimejaa hadi ukingoni mwa bahari. Nilikuwa nimepangiwa kitanda kizuri ndani, na sikukikumbuka.

Sasa nikueleze siasa, maana najua wewe ndiyo ugonjwa wako.

Vyama hawana. Sikusema vimepigwa marufuku, hawana tu. Bunge lina viti 16, kila kisiwa viwili, visiwa vinane. (Cha tisa, Niulakita, kinapiga kura pamoja na Niutao.) Funafuti yenye umati wote ule ina viti viwili sawasawa na Nukulaelae, ambako mwaka 2024 wagombea walikuwa wawili tu, kwa hiyo hata kura haikupigwa. Mbunge anachaguliwa kwa ukoo wake, kanisa lake, na kwa jinsi alivyofika msibani. Nikikumbuka kwetu ile miaka watu walipokuwa hawanunui duka la chama cha pili, hata kuzikana hawazikani, nilitaka kuwabusu mikono. Ila usiwaonee wivu sana. Chama kikiwa hakuna, kinachomfunga mbunge kwa waziri mkuu ni neno lake, na neno linageuka na pepo. Mwaka 2013 Waziri Mkuu Willy Telavi alikaa bila kuitisha bunge, mpaka Gavana Mkuu, mwakilishi wa Malkia, akamwondoa.

Uchaguzi wa juzi ulikuwa tarehe 26 Januari 2024. Waziri mkuu aliyekuwepo, Kausea Natano, akakosa hata kiti chake cha ubunge. Wateule ndio wanaomchagua waziri mkuu, basi ikabidi wakutane Funafuti. Ndege za ndani ya nchi hakuna, ni meli. Na bahari ikachafuka! Nchi nzima ikakaa inangoja watu wachache waliokwama visiwani hali ya hewa itulie. Mwezi mzima, shoga, hadi tarehe 26 Februari ndipo Feleti Teo akatangazwa, bila mpinzani. Nilipohadithiwa nikawaambia kwetu pia kuna siku kaskazi inaamua nani afike Unguja na nani asifike. Wakanielewa mara moja, pengine ndilo neno langu la kwanza walilolielewa bila mkalimani.

Huyo Teo aliwahi kuwa mwanasheria mkuu, kisha akaongoza tume ya kusimamia uvuvi wa jodari katika Pasifiki ya magharibi na kati. Kwa nchi ambayo fedha yake kubwa ni leseni za meli za kigeni kuvua jodari, wamejichagulia mtu anayejua bei ya samaki. Fedha nyingine inatoka kwenye zile herufi mbili, tv, za mwisho wa anwani za intaneti. Bahati ya herufi tu, maana dunia nzima inazisoma televisheni. Sisi tulipewa tz, nani ataikodi?

Lakini serikali yenyewe hasa, ile inayomkuta mtu nyumbani, ni falekaupule, baraza la wazee wa kila kisiwa. Sheria ya mwaka 1997 imelipa nguvu rasmi: bajeti ya kisiwa, sheria ndogo ndogo, yote yanapita hapo. Na wanakutana kwenye maneapa, jumba kubwa la wazi lenye nguzo. Watu wa kila kisiwa wanaohamia Funafuti hujenga maneapa yao, ili hata ugenini waendelee kukutana kama watu wa kwao.

Nilipelekwa kwenye ya Vaitupu siku moja ya mazungumzo ya michango. Wazee wamekaa kila mmoja na nguzo yake, kaiegemea. Nguzo ina mwenyewe. Mzee akifa hukai tu kwa sababu umeiona wazi. Anayetaka kusema anaanza kwa kuomba radhi, kisha anashukuru, kisha anaomba radhi tena, na nusu saa imepita mchango haujatajwa. Nikaanza kusinzia. Mama wa Kioa akanifinya, akaninong'oneza, "Hapo ndipo wanapobishana." Kumbe yule aliyemshukuru mwenzake mara mbili alikuwa anamkatalia.

Wanawake tulikuwa nyuma, karibu na masufuria. Sheria haimzuii mwanamke kusema, lakini siku ile hakusema hata mmoja. Bungeni ni hivyo hivyo: katika wale 16 wa mwaka 2024 hakuna mwanamke, na tangu wapate uhuru mwaka 1978 wamewahi kuchaguliwa watatu tu. Nikamuuliza binti mmoja aliyekuwa ananichambulia samaki mbona hivyo. Akasema, "Wakimaliza kula, tutawaambia walichoamua." Nimecheka mpaka leo, ila sidhani kama yeye alicheka.

Baadaye ikapigwa fatele, ngoma yao. Wanaume wanazunguka sanduku la mbao wanalipiga kwa viganja, wimbo unaanza taratibu, unarudiwa, kila ukirudiwa unakazwa, wachezaji wamevaa marinda ya majani ya mkadi yaliyotiwa rangi, mpaka inakuwa radi, halafu kwa mara moja kimya. Masikio yanabaki yanavuma. Walinivika shada la maua na kunipaka poda shingoni, na sikujua kama naheshimiwa au natayarishwa kuolewa.

Sasa hili la kuondoka. Mwaka 2023 Natano alitia saini mkataba na Australia, unaitwa Falepili. Fale ni nyumba, pili ni karibu. Yaani ujirani wa watu wanaoangaliana. Nikawaambia kwetu jirani ni nyumba ya pili, na neno ni hilo hilo! Wakadhani nawatania. Mkataba ulianza kazi Agosti 2024. Australia inatoa nafasi 280 kila mwaka kwa Watuvalu kwenda kuishi moja kwa moja, wafanye kazi, wasome, watibiwe, na warudi nyumbani wakitaka. Mkataba unaahidi pia kuwa nchi hata ikimezwa na bahari itaendelea kutambuliwa kuwa nchi, jambo ambalo wao wenyewe wameliandika katika katiba yao ya 2023. Kwa upande wa pili, Tuvalu haiwezi kufunga mapatano ya ulinzi na nchi nyingine bila Australia kukubali. Enele Sopoaga, aliyewahi kuwa waziri mkuu, aliupinga kwa nguvu, akisema uhuru umeuzwa. Teo ameamua kuendelea nao. Urafiki wa kibalozi na Taiwan nao hawakuuacha, ingawa majirani zao wa Nauru walihamia China Januari hiyo hiyo ya uchaguzi.

Nafasi zinatolewa kwa kura ya bahati. Kujiandikisha kulikuwa dola 25 za Australia. Mwaka 2025 ilikuwa mara ya kwanza, na dirisha lilipofungwa Julai waliojiandikisha, pamoja na familia zao, walikuwa 8,750. Soma tena hiyo namba, kisha kumbuka wako wangapi.

Nyumba niliyofikia ilikuwa na simu moja yenye barua pepe, ya mjukuu wa kike wa yule mzee, muuguzi, na mume wake. Waliandikisha wao na watoto wawili, wakawa wanangoja majibu. Ile simu ilikaa juu ya jokofu imechomekwa chaji, na kila apitaye, hata mtoto wa jirani, alikuwa anaigusa kioo kiwake. Ikilia wote wananyamaza. Mara nyingi ilikuwa kanisa linakumbusha mazoezi ya kwaya. Mzee alikuwa hasemi kitu. Siku moja tu, simu imelia, muuguzi kaikimbilia na mikono ya unga, mzee akamuuliza kwa upole: wakiondoka wote wenye nguvu, paa la maneapa nani atapanda kulitengeneza? Yule mjukuu akajibu kwamba na wao wa Kioa waliondoka, na bado wanacheza fatele. Mzee akamtazama mama mwenye nyumba wangu, akasema, "Wao walinunua kisiwa. Nyinyi mtanunua chumba Melbourne."

Sikujua nitazame wapi. Wote wawili niliona wana haki.

Ya furaha: Aprili 2025 wamepata ATM za kwanza nchini. Keki ikakatwa, waziri mkuu akaja. Kabla ya hapo ni noti mkononi na foleni ya benki siku ya mshahara. Niliwaambia kwetu bibi muuza vitumbua anapokea malipo kwa simu, wakaniangalia kama ninayeongeza chumvi.

Na chumvi ndiyo niliyotaka kumalizia nayo, maana nina ombi. Asubuhi moja mzee alinipeleka kwenye shimo lake la pulaka. Ni kama majimbi yetu lakini makubwa, majani yananipita kimo. Wanachimba shimo mpaka wafikie maji baridi yaliyolala juu ya maji ya bahari chini ya ardhi, wanapanda humo, na shimo linarithiwa ukoo mzima, kaitasi, yaani kula pamoja. Maji ya bahari hayamwagiki kwa juu tu kama tunavyofikiri. Mwezi ukiwa mpevu yanabubujika kutoka chini, matumbawe ni kama kichungio. Mzee akang'oa shina moja, akalipasua kwa panga, akanipa ninuse: limeoza katikati, laini kama sabuni iliyolowa. Lingine pembeni yake zima kabisa. Akaniuliza kwetu kisiwani tunafanyaje.

Sikuwa na jibu, nikamwambia nina rafiki ambaye baba yake analima. Basi muulize baba, yale mabonde ya mpunga yaliyoingiwa na maji ya chumvi bado wanayalima? Lile tuta walilojenga lilisaidia, au chumvi ilipita chini? Na kama kuna mbegu iliyostahimili, ni ipi. Andika kama anavyosema yeye, usifupishe. Mama wa Kioa anarudi Funafuti mwezi ujao, nitampa aende nalo, na mzee hana simu.

Nisalimie wote, na watoto wabusu.

Wako,
Shogayo wa Suva