Risala ya Wazazi wa Madrasa, Bombo, Uganda, kwa Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Siku ya Khitma ya Watoto

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, masheikh na maimamu wetu, Mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa wetu, mahaji na mahajati, walimu wa madrasa, wazazi wenzetu na watoto mliohitimu leo, Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Tunamshukuru Allah aliyekufikisha salama. Tulikutarajia saa nne, umefika saa saba na nusu, na barabara ya Kampala sote tunaijua. Watoto wamekwisha kula biskuti zao, kwa hiyo watatulia. Risala yetu ni fupi mwanzoni na ndefu mwishoni. Tunaomba utuvumilie hasa huko mwishoni.

Kuhusu historia, wazee wetu ni Wanubi, wale askari wa Kisudani walioachwa na Emin Pasha, aliyekuwa gavana wa Misri kusini mwa Sudan, ambao Kapteni Lugard wa Uingereza aliwachukua mwaka 1891. Wakaingia KAR, jeshi la kikoloni la Waingereza, wakakaa Bombo, wakatuzaa sisi. Kikundi chetu cha wazazi kilianza miaka 4 iliyopita chini ya mwembe huu tuliokuwekea kiti, kikiwa na kaya 7. Leo tuko kaya 26.

Mheshimiwa, katika miaka hiyo tumefanya makubwa. Tumeanzisha maktaba inayotembea, yaani sanduku la bati lenye kufuli, ambalo hulala wiki 2 katika kila nyumba, likihamishwa na mwenzetu wa boda boda asiyetudai nauli. Tuna vitabu 41 kwenye daftari na 37 kwenye sanduku. Katika hivyo 4, viwili viko kwa wakwe, kimoja kililiwa na mbuzi, na cha nne bado tunakichunguza. Tuna utaratibu wa kisasa wa kuazima, nao ni daftari na kalamu iliyofungwa kwa uzi. Akina baba watatu sasa husoma na watoto wao baada ya Isha badala ya kwenda kutazama mpira. Wawili tuna hakika nao.

Baada ya mafanikio hayo, tuingie katika jambo lililotufanya tukualike.

Haja yetu ni vitabu vya kuweka nyumbani. Lakini kabla msaidizi wako hajaandika neno "vitabu" na kufunga kalamu yake, tunaomba aongeze maneno mawili: vya namna nyingi, na vya kuchaguliwa. Bila maneno hayo tutarudi palepale tulipokuwa, na tulipokuwa tutakueleza.

Mwaka juzi, katika hafla kama hii, mgeni wetu rasmi alisimama hapo ulipo akaahidi vitabu 300 kabla ya Ramadhani. Tulipiga takbira mpaka kuku wakakimbia. Tulimlipa seremala, akatengeneza rafu ndefu ya mvule. Ramadhani ile ikaja ikaenda, na ya pili yake pia. Hatusemi ahadi imevunjwa, maana Ramadhani hakuitaja ni ya mwaka gani. Rafu ipo, ni imara, na akina mama wanahifadhi humo masahani ya harusi.

Mwaka jana mgeni wetu mwingine, Allah amlipe kheri, hakuahidi. Alikuja na makatoni kwenye gari. Tulipoyafungua mbele ya umati, tulikuta nakala 180 za kijitabu kimoja, chenye kurasa 24, kinachofundisha kuosha na kukafini maiti. Elimu hiyo ni faradhi ya kutosheleza, yaani wachache wakiitimiza wengine wamesamehewa, hatuikatai. Kwa idadi ile, Mheshimiwa, hakuna mtu wa mtaa huu atakayekosa mwoshaji. Lakini mtoto wa P.4, darasa la nne, akirudi kutoka shule na kukuta nakala 7 za mazishi ndani ya nyumba moja, hatumlaumu akienda kucheza.

Ingia leo nyumba yoyote ya hapa. Utakuta msahafu umefungwa kwa kitambaa, juu kabisa, kwa heshima yake. Utakuta Yasini zilizopoteza jalada, Juzuu Amma, kalenda ya msikiti, na mitihani ya zamani ya P.7. Basi. Watoto hawa waliokusomea leo wamehifadhi sura nyingi, nasi tunajivuna nao. Muulize mmoja wao maana ya aliyoyasoma, lakini tafadhali usimuulize kwenye kipaza sauti. Watu wa nje hudhani kwa kuwa Kinubi, lugha yetu ya nyumbani, kimetokana na Kiarabu basi sisi tunafungua msahafu na kuelewa. Kinubi hutufikisha sokoni, hakitufikishi kwenye tafsiri.

Ndiyo maana juu ya orodha yetu ipo tafsiri ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy, ile iliyotoka mwaka 1969, yenye maelezo chini ya ukurasa ambayo baba anaweza kumsomea mtoto bila kubuni. Inafuata Arubaini ya Imam Nawawi, hadithi fupi zinazotosha moja kwa usiku. Watoto wamekwisha kugundua kwamba hadithi hizo ni 42, si 40, na kugundua huko ndiko kulikowafanya wazihesabu, yaani wazisome. Zipo pia sira ya Mtume, rehema na amani zimshukie, na fiqhi ya madhehebu yetu ya Shafii kwa lugha nyepesi.

Hapo mjumbe mmoja alitaka tufunge orodha. Alisema nyumba ya Mwislamu ni ya vitabu vya dini, mengine yapo shuleni. Kikao kile kilianza baada ya Alasiri kikaisha taa zimewashwa. Mama mmoja akamjibu kuwa binti yake ana miaka 12, na kwamba kitabu cha fiqhi kinamwambia afanye nini akiingia hedhini, lakini hakimwambii mwili wake unafanya nini. Anataka vyote viwili vikae rafu moja, binti avikute nyumbani kabla hajaelezwa na wenzake njiani. Mjumbe alinyamaza. Kitabu cha mwili wa binadamu kikaingia.

Vitabu vya picha vya watoto wadogo vilituchukua kikao kingine, kwa sababu ya picha za wanyama. Masheikh wetu wawili walitofautiana kwa adabu kubwa. Tuliafikiana vinunuliwe, na visiwekwe upande tunaoelekea tukisali. Mtoto wa miaka 4 hajui khilafu, anajua twiga.

Riwaya na mashairi navyo vilikuwa na wapinzani. Tumeuweka utendi wa Mwana Kupona, aliomtungia binti yake mwaka 1858, ili mama na binti wausome pamoja na wabishane humo, maana pale anapoeleza jinsi mke anavyopaswa kumridhisha mume, mabinti zetu wana maswali. Tumemweka Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka 2021, ambaye riwaya yake moja sasa inasomeka kwa Kiswahili kwa jina la Peponi. Vijana wetu wanawajua wachezaji wote wa Arsenal, na mtu wa pwani mwenye jina la Kiislamu kama wao hawamjui. Tumemweka pia Okot p'Bitek wa Gulu na Wimbo wa Lawino. Mtu akauliza, huyo si wetu, anaingiaje? Akajibiwa kwamba ugomvi wa mke na mume mwenye mambo ya kizungu hauulizi dini, na kwamba kuna nyumba tatu hapa Bombo unasikika kila Ijumaa.

Na tunataka historia, hasa hiyo. Kila tarehe 3 Juni watoto wetu hukaa nyumbani kwa sikukuu ya mashahidi wa Namugongo, Wakristo waliouawa mwaka 1886 kwa imani yao, nasi tunawaheshimu jirani zetu Wakristo. Lakini mtoto wa Kiislamu hajui kwamba miaka 10 kabla ya mwaka ule wa 1886, Waislamu nao waliuawa kwa amri ya Kabaka Mutesa wa Kwanza, kwa kushika dini yao. Vilevile hajui kwamba Uislamu ulifika Buganda enzi za Kabaka Suna, kabla ya mmisionari yeyote. Atajulia wapi, ikiwa alichonacho nyumbani ni mazishi tu?

Ugumu wetu ni wawili. Sanduku ni moja na kaya ni 26, na kila kaya hulishika wiki 2, kwa hiyo kila nyumba hulipata mara moja kwa mwaka, kama Iddi ndogo. La pili, Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya pili ya nchi hii tangu 2005, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima shuleni, lakini vitabu vyake vya kusoma nyumbani bado tunaagiza Nairobi na Dar es Salaam. Vinakuja kwa basi, na nauli ya kitabu wakati mwingine inakaribia bei yake.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, ombi letu lina hesabu. Kila kaya ipate vitabu 15, na orodha za kaya jirani zisifanane, ili wabadilishane. Hivyo ni vitabu 390. Wastani wa shilingi 14,000 kwa kitabu kikifika Bombo unatupa shilingi 5,460,000. Sisi wenyewe tumekusanya shilingi 1,140,000, nazo zipo SACCO, chama chetu cha akiba na mikopo, wala hazijaguswa hata pale paa la choo cha madrasa liliporuka. Kilichobaki ni shilingi 4,320,000.

Tukikosa zote, tunaomba nusu. Tukikosa nusu, tunaomba tafsiri 26 za Qurani, moja kwa kila nyumba, na hayo mengine tutayafuata polepole. Tunachoomba kwa unyenyekevu mkubwa ni kwamba usitununulie vitabu bila orodha, hata kwa nia njema, hata kwa bei ya punguzo. Kama ofisi yako ina makatoni ya kitu kimoja yanayotafuta mahali pa kwenda, tunaomba yasije Bombo.

Orodha ipo ndani ya bahasha ya kijani aliyoishika mtoto huyu wa mbele, aliyehitimu wa kwanza. Mezani kwako lipo pia daftari letu la ahadi. Ukurasa wa kwanza una jina la mgeni wa mwaka juzi, wa pili ni wa mwaka jana. Wa tatu tumeupigia mistari: kiasi, tarehe pamoja na mwaka wake, na namba ya simu ambayo hupokelewa. Katibu atakuletea kalamu ikifunguliwa kwenye uzi.

Pilau iko tayari, italetwa mara tu utakapomaliza kuandika.

Wabillahi tawfiq. Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Ni sisi, kamati ya wazazi wa madrasa, Bombo.