Mnara wa Umeme Hauanguki Siku Unapoibiwa Vyuma

Tarehe 11 Januari 2022, Kenya ilikumbwa na giza baada ya minara ya laini ya kilovolti 220 itokayo Kiambere hadi Embakasi kuanguka jijini Nairobi. Uchunguzi ulielekezwa kwenye uharibifu wa makusudi, na mwezi huohuo Rais Uhuru Kenyatta akapiga marufuku biashara ya vyuma chakavu, ambako vyuma vilivyoibiwa huuzwa.

Sisi hufunga vihisi, yaani vifaa vya kugundua wizi kwenye minara ya umeme, na wateja hutuuliza: mnara mkubwa vile huangushwaje na mtu mwenye spana? Angalia chini, karibu na ardhi. Miguu minne ndiyo inayobeba uzito, lakini vile vyuma vyembamba vilivyokingamana ndivyo vinavyoizuia isipinde. Mwizi hufungua hivyo kwa kuwa ni vyepesi na havihitaji kupanda. Akishaondoka navyo, mnara unaweza kusimama vivyo hivyo hadi siku ya upepo mkali. Ukianguka, nyaya zake huvuta na minara jirani.

Ndiyo maana tunakushauri usiridhike na kihisi cha kupima mwinamo peke yake. Kikilia, mnara umeshainama. Sisi hutanguliza kihisi cha mtetemo. Msumeno na spana hutikisa chuma tofauti na upepo, au mbuzi anayejikuna. Mwanzoni tunakiacha kijifunze mitikisiko ya kawaida ya mnara huo hasa. Ukiharakisha hapo, kengele za uongo zitawachosha walinzi hadi waache kuziitikia, na hasara hiyo ni kubwa kuliko bei ya kifaa.

Tunakifunga kwa klampu, juu ya kimo cha mtu. Hatutoboi kamwe, kwa sababu tundu huvua zinki inayokinga chuma na kukaribisha kutu. Sola ndogo na betri hukipa nguvu, na taarifa hupitia mtandao wa simu.

Ila kengele haimkamati mtu. Kabla ya kuzungumza bei, tunataka kujua: saa nane usiku, nani atafika pale, kwa chombo gani, baada ya dakika ngapi? Kama huna jibu, usinunue bado. Anza kwa kuwaajiri wakazi wa kando ya laini kwa mkataba na malipo ya kila mwezi, na ufunge nati zisizofunguka kwa spana ya kawaida.

Ukiwa tayari, tuletee ramani ya laini yako yenye alama kwenye kila mnara uliowahi kuibiwa vyuma. Tutaanza na hiyo.