Barua ya wazi kwa Waziri: wimbo umefika London, mtunzi yupo Ng'ambo, Unguja

Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya sanaa na utamaduni, Zanzibar.

Assalaamu alaykum.

Mheshimiwa, Mfunguo Tatu iliyopita mpwa wangu aliyeko London alinitumia video ya nusu dakika. Mgahawani, watu wanakula biriani, na spikani unalia wimbo wangu. Tuliurikodi chumbani kwangu Ng'ambo. Ubeti wa tatu adhana inaingia kwa mbali, na udi wangu una waya mmoja uliolegea. Hata nikiwa usingizini nitaujua.

Nikaenda ofisi moja kuuliza. Kijana akanijibu, "Mzee, hakimiliki yako inaishia kisiwani Chumbe."

Sivyo. Mkataba wa Berne, ule wa mataifa kuhusu hakimiliki, ni wa 1886, na Tanzania imo tangu 1994. Unataka mtunzi wa nchi mwanachama apewe ugenini haki zilezile wanazopewa wenyeji, wala asidaiwe kusajili kwanza. Kwa hiyo kule London silindwi na sheria yetu ya hakimiliki ya Zanzibar ya 2003. Nalindwa na sheria ya Waingereza, kama vile nimezaliwa kwao.

Nilikuwa nimeshamlaani mwenye mgahawa (Mungu anisamehe). Kumbe huenda keshalipa zamani. Kule mgahawa ukipiga muziki hukata leseni, na pesa hukusanywa na chama cha watunzi. Chama hicho humfikishia mtunzi wa nje fungu lake kupitia chama cha kwao, mradi vyama hivyo viwili vimewekeana mkataba, na jina la mtunzi na la wimbo yamo kwenye kumbukumbu zao. Langu halimo. Haki ninayo, pesa ndiyo haina pa kupitia.

Wapo wanaotwambia twende Dar. Lakini hakimiliki si jambo la Muungano. Bara wana sheria yao na sisi tuna yetu, na mtunzi wa Unguja au Pemba asingoje kuvushwa na boti.

Naomba mawili, Mheshimiwa. Vitangazwe hadharani vyama vya nje ambavyo Zanzibar ina mkataba navyo. Na atumwe mtu apite kwa watunzi wazee, Unguja na Pemba, aandike nyimbo zao. Wengi wetu tuna kanda tu chini ya kitanda, majina yameandikwa kwa penseli na yanafutika.

Zangu ni 41. Nimeshaziorodhesha kwenye daftari la skuli la mjukuu wangu. Niambiwe tu nilipeleke mlango gani.

Wako mtiifu,
Mtunzi wa taarab, Ng'ambo, Unguja